Neno Lisiporudi

Machi 4

Mke wangu amenipa daftari hili. "Hasira zako ziweke humu," amesema. "Mezani uje na tumbo tu." Haya, na tuanze. Hasira ya kwanza ni jiwe.

Lori letu halina breki ya mkono. Lina jiwe. Ni jiwe kubwa kama kichwa cha mbuzi, linakaa sakafuni mbele ya kiti cha abiria, yaani miguuni pangu. Kila tukisimama mahali penye mteremko ni juu yangu kuruka nje na kulisukumiza chini ya tairi kabla lori halijaanza kurudi lilikotoka. Nina mke, nina watoto, nina mvi kwenye ndevu, na kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ni kukimbia nimekumbatia jiwe.

Lori ni la baba mkwe. Watu wanamwita Mzee Shina, kwa kuwa amefanya kazi ya miti tangu ujana wake, na kwa kuwa akisimama mahali hang'oki. Mimi napanda juu, yeye anashika kamba chini. Tunapunguza matawi yanayotishia mapaa ya watu, tunaangusha miti iliyooza, na ule unaoweza kupona tunautibu. Leo nimemwambia kwa adabu zote, kichwa chini, kama mtu anavyosema na mkwewe: "Baba, naona hii breki tuipeleke kwa fundi kabla mvua hazijakolea."

"Sema na mimi, usiseme na viatu vyako," akanijibu, akawasha injini.

Machi 5

Mvua. Tope. Jiwe.

Machi 9

Gurudumu la mbele, upande wangu, linalia. Linaanza kulia tukishika mwendo, na tukikata kona linapiga kelele kabisa. Nimemwambia baba mkwe kwamba beringi inakwisha. Akaacha kutazama barabara, akanitazama mdomoni kana kwamba nina makombo kwenye ndevu, muda mrefu kuliko barabara ile inavyoruhusu.

"Inalia wapi?"

"Mbele, upande huu wangu."

Akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza. "Humu ndani hakuna kinacholia ila wewe," akasema.

Nyumba yangu na ya wakwe zinatazamana uani, na chakula cha jioni tunakula pamoja kwao. Mzee alikuwa nje ananoa mnyororo wa msumeno. Nikamwambia mama mkwe habari ya beringi, na habari ya breki, nikamalizia: "Ndiyo hivyo, mama. Sikio la kufa halisikii dawa."

Mke wangu akanipiga teke chini ya meza. Mama mkwe akaweka kijiko chini, akatazama mlangoni, akasema chakula kinapoa. Sawa, nimemtukana mumewe mezani pake, teke nimestahili. Lakini beringi bado inalia.

Machi 15

Leo tawi limepita karibu mno na kichwa changu.

Kazi hii ina sheria moja, na aliyenifundisha ni yeye mwenyewe: neno lisiporudi, mkono usiende. Aliye juu akisema "legeza," aliye chini anarudisha, "legeza!" Hapo ndipo kamba inatembea. "Simama." "Simama!" Kamba inasimama. Maneno ni machache na hayabadilishwi. Kuna neno moja amelipiga marufuku kabisa kwenye kamba, nalo ni "acha." Alinieleza mwanzoni kabisa, ameninyooshea kidole usoni: "Mtu aliye juu akisema acha, anataka nikome. Lakini kwenye upepo nitasikia achia, na nikiachia, unakufa. Ukitaka nikome sema simama. Acha kaseme kwa mkeo."

Huyo ndiye mwalimu. Sasa msikie mwalimu leo. Nimesema legeza: kimya, kamba ikatembea. Nimesema simama: kimya. Kamba ilisimama, sikatai, ila ilisimama pale alipoona yeye, na mimi nilikuwa bado nahitaji ishuke urefu wa mkono mmoja zaidi ili tawi liwe mbali na kichwa changu. Nimepiga kelele mpaka koo limewaka. Chini huko mzee amekodoa macho kwenye tawi na mdomo umefungwa kama mfuko wa bahili.

Nilipofika chini nikamwambia: "Baba, leo maneno hayarudi."

"Mtu mzima hasemeshwi hivyo. Inua uso."

Nikainua uso kama mtoto wa shule, nikarudia.

"Maneno gani? Tawi liko chini, paa liko juu, mwenye nyumba amefurahi. Unataka na nyimbo?"

Nimemeza. Nimemeza sana mwaka huu. Kwa wakwe mtu hatoi sauti, na kwenye kamba asiyetoa sauti anazikwa. Sijui mimi nimewekwa kati ya nini na nini.

Machi 16

Plagi ya msumeno imekufa. Nimebadilisha. Sijasemeshwa na mtu na sijamsemesha mtu.

Machi 22

Niwe mkweli hata nikiwa na hasira. Leo mzee ameshusha gogo zima kati ya ukuta na waya wa nguo, mvua ikinyesha, bila hata kugusa kibanio kimoja. Hakuna mtu mwingine anayeweza hivyo. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwa mjinga ningeshamwacha siku nyingi.

Aprili 2

Mke wangu amenifunga paja na mkono. Naandika kwa mkono uliobaki.

Tulikuwa kwa Mama Kuku, yule mama mwenye banda kubwa la kuku wa mayai. Mkaratusi wake una tawi nene lililokuwa limelala juu ya banda, na upepo wa juzi ulikuwa umelipasua shingoni. Kazi ya kawaida. Nililifunga kamba, mzee akaizungusha kwenye shina chini, nikakata. Tawi likakaa kwenye kamba vizuri. Nikasema legeza. Neno halikurudi, kamba ikatembea. Nilishazoea, Mungu anisamehe, mtu huzoea hata ujinga.

Katikati ya safari tawi likanasa kwenye kisiki cha tawi la zamani, likageuka, kitako chake kikaanza kuja kwangu. Nilikuwa nimejifunga kwenye shina, sina pa kwenda. Alihitaji kusimama tu. Asimame pale pale, nilisukume kwa mguu, basi. Nikajipinda nikamtazama. Yeye naye alikuwa ananitazama, macho kwa macho. Nikapiga kelele: "Acha! Baba, acha!"

Akaachia.

Sikuona vizuri kilichofuata. Kitako cha tawi kilinichuna paja, kamba ikanipitia mkononi kama moto, na chini kukatoka mlio wa mabati na mbao na kuku. Banda limelala. Kuku wamejaa uwanja mzima, na mmoja aliingia kwenye lori akakaa kwenye kiti cha dereva. Mama Kuku alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili, halii, anasema tu, "Jamani. Jamani. Jamani."

Nilishuka. Sijui nilishukaje. Nikamwendea mzee na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake nikampazia sauti.

"Nimekwambia acha!"

"Umesema achia."

"Nimesema acha!"

"Nilikwambia nini juu ya neno hilo?" Alikuwa amekuwa wa kijivu usoni, lakini kidevu kiko juu. "Nilikwambia nini? Ningekwambia kwa lugha gani?"

Na hapo ndipo kisu kilipo. Ana haki. Ni mimi niliyetumia neno lililopigwa marufuku. Lakini angerudisha! Angelirudisha neno kabla ya kuachia, angesema "achia?" na mimi ningesema "hapana!" na banda lingekuwa limesimama na paja langu lina ngozi yake. Sheria ni yake. Kaivunja msimu mzima, na siku ninapovunja mimi nusu yangu, ananisomea mimi darasa mbele ya kuku wa watu.

Halafu, tukiwa njiani, beringi inalia, jiwe liko miguuni pangu, akasema bila kunitazama: "Mkwe hampigii mkwewe kelele. Utaniomba radhi."

Sitaomba.

Aprili 3

Sijaomba.

Aprili 5

Mama mkwe ameleta mafuta ya kupaka paja. Amekaa pembeni ya kitanda, amefungua mdomo, ameufunga. Ameondoka.

Habari ya banda tumekubaliana na Mama Kuku. Nikipona tutamjengea upya kwa mbao za mti wake mwenyewe.

Aprili 7

Nimechukua lori mzee akiwa amelala mchana, nimelipeleka kwa fundi bila ruhusa. Nimefanya kwa makusudi. Kama ni utovu wa adabu, nimeshaingia, sasa naoga kabisa.

Fundi aliliendesha mpaka mwisho wa barabara na kurudi, akashuka anacheka. "Hii beringi hata maiti angeisikia. Huyu mzee anaendeshaje?"

"Kwa kichwa kigumu," nikasema.

"Nimemwambia mara nyingi. Nikiwa hapa chini ya gari namwambia, mzee, beringi hii, mzee, breki hii. Anaitikia tu, ndiyo, ndiyo. Anaondoka."

Fundi amebadilisha beringi. Breki ya mkono inahitaji kifaa ambacho hana mpaka kiagizwe. Kwa hiyo bado jiwe.

Aprili 10

Nimejua.

Asubuhi mzee alikuwa amelala chali chini ya lori anapaka grisi. Mimi nilikuwa ndani natafuta glavu zangu nyuma ya kiti. Paja likanibana, nikateleza, nikaangukia usukani kwa kiwiko. Honi ya lori letu inajulikana. Ililia kwa nguvu zake zote. Mimi mwenyewe nilishtuka nikagonga kichwa. Jikoni beseni likaanguka. Mbwa wa jirani akaanza kubweka.

Miguu ya mzee, iliyokuwa imetokeza chini ya mlango, haikutikisika.

Nikabonyeza tena. Safari hii kwa kusudi, kwa muda mrefu, nikiitazama ile miguu. Kidole cha mguu wa kushoto kilikuwa kinacheza taratibu, kama cha mtu anayejiimbia moyoni. Kikaendelea kucheza.

Nilipoinua macho, mama mkwe alikuwa mlangoni mwa jiko, mikono imelowa, ananitazama.

Aprili 11

Jana nilishindwa kuandika yaliyofuata. Leo nitaandika mpaka kalamu itoboe karatasi.

Hasikii. Sikio moja limekufa kabisa na la pili linashika ngurumo tu na sauti ya mkewe akiwa karibu. Ni misumeno, miaka yote hiyo ya misumeno bila kitu masikioni. Anasoma midomo. Mama mkwe amenieleza yote, amesimama mbele ya beseni lake, kwa sauti ndogo ambayo haikuhitaji kuwa ndogo.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Kidogo kidogo, mwanangu. Misimu mitatu sasa imekuwa vibaya."

Misimu mitatu! Misimu mitatu nimening'inia juu ya miti nikiongea na jabali. Nilimuuliza kwa nini hakuna aliyeniambia, akasema, "Ulitaka aseme nini? Mshika kamba akisema hasikii, nani atapanda?"

Si mimi! Hilo ndilo jibu, mama. Si mimi. Na ndiyo maana nilipaswa kuambiwa.

Nikaenda kwa mke wangu. Alikuwa anakunja nguo. Nilimwona usoni kabla sijasema lolote, nikajua naye anajua.

"Nilijua kidogo," akasema.

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Nilidhani haijafikia kwenye kazi. Baba aliniapia kwamba kwenye kamba anatumia macho. Niliogopa ukijua utamdharau." Akaanza kulia. "Na niliogopa kila siku ulipoondoka."

Uliogopa, ukanikunjia shati, ukanifungulia mlango. Nyumba nzima ilijua isipokuwa anayening'inia. Nikakumbuka usiku ule wa teke: sikio la kufa halisikii dawa. Kumbe sikumtukana mtu, nilisoma cheti cha daktari mezani bila kujua, wote wakanyamaza wakaendelea kula.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini methali haisemi lolote kuhusu yule ambaye kifo kingemchukua kwa niaba yake.

Mzee hajui kwamba najua. Au anajua. Anazunguka uani anafuta vioo vya lori ambavyo ni safi.

Aprili 14

Muuguzi wa zahanati amekuja kwa miguu kwenye mvua. Mkaratusi mkubwa wa nyuma ya wodi ya wazazi umeng'oka mizizi ya upande mmoja usiku wa jana. Umeinama kuelekea paa. Akina mama amewahamishia chumba cha dawa na wamebanana humo na vichanga vyao. Udongo unaendelea kulowa.

Nimemwambia siwezi, nina paja bovu. Akalitazama paja, akanitazama mimi. Wauguzi huwezi kuwadanganya.

"Basi nani?" akauliza.

Hakuna. Hapa kote hakuna mwingine wa kupanda, na wa kushika kamba ya mti mzito hivyo yuko mmoja tu.

Aprili 15

Niliamka nikiwa nimeamua kutokwenda. Nikanywa chai nikiwa nimeamua kutokwenda. Kisha nikatoka kupakia kamba kwenye lori, nikiwa bado nimeamua kutokwenda.

Mzee alikuwa ameshakaa ndani, mikono kwenye usukani, ananisubiri. Mimi nilikuwa nyuma, ubavuni. Nilimwona kisogo, na kile kisogo kikanipandisha wazimu. Nikaona, kwa nini nimeze tena? Hasikii huyu! Nikasimama pale pale na kamba begani nikatoa yote, kwa sauti kamili, na majirani wasikie.

Nilisema yeye ni mwongo. Nilisema alikuwa radhi wajukuu wake wabaki yatima kuliko kutamka neno moja. Nilisema jiwe lake ningelitupa mtoni na yeye nyuma yake. Nilisema nilimpenda kuliko baba aliyenizaa, na kwamba hicho ndicho ninachoshindwa kumsamehe. Hilo la mwisho sikulipanga.

Mlango wa lori ukafunguliwa. Akashuka taratibu, akaja mpaka mbele yangu. Macho yalikuwa mekundu.

"Nimeona," akasema.

Akaonyesha kioo cha pembeni. Ndani yake nilijiona mzima mzima, mdomo bado wazi.

"Ukiwa na hasira midomo yako inasomeka vizuri sana," akasema. "Ni adabu yako ndiyo siisomi. Miaka yote unaongea na viatu vyako. Kila siku nakwambia inua uso, inua uso, na wewe unazidi kuinama. Heshima yako ingekuua, kijana."

"Na uongo wako je?" Nilikuwa nimeinua uso. Nilimtazama machoni, jambo ambalo mkwe hafanyi. "Uongo wako ungenifanya nini?"

Akatazama kile kioo tena. "Ungekuua zaidi," akasema. "Siku ya banda nilirudi nyumbani sikulala. Nilitaka kukwambia. Badala yake nikadai uniombe radhi. Mzee akiogopa hudai heshima, usinione hivi." Kisha akasema kitu ambacho sijawahi kukisikia kinywani mwake. "Nisamehe."

Sikusema nimekusamehe, kwa sababu ningekuwa nadanganya, na uongo ulishatosha kwa nyumba moja. Nilisema: "Breki inatengenezwa. Na sipandi bila neno kurudi."

Akapanda nyuma ya lori, akatafuta, akatoka na uzi mwembamba wa nailoni tunaofungia majani. Akaufunga ncha moja kwenye mkono wake juu ya kiganja, ncha nyingine akanifunga kwenye mkanda.

"Ukivuta mara moja, simama. Mara mbili, legeza. Tatu, achia. Nami nitavuta kukurudishia."

"Usiporudisha?"

"Mkono usiende," akasema, ananitazama mdomoni.

Aprili 16

Jana zahanati. Nilipanda saa ambayo mvua ilipungua, kwa mguu mmoja na nusu. Mti ulikuwa unatikisika kwa kila pumzi yangu. Nilikuwa na hasira bado, na nitasema kweli, hasira ilinisaidia, maana iliziba nafasi ya woga.

Tawi la kwanza: nikavuta mara mbili. Kwenye mkanda, mara mbili, tup tup, zikarudi. Kamba ikatembea. La pili vivyo hivyo. Tulimaliza upande mzima wa wodi bila mtu kufungua mdomo. Muuguzi alikuwa amesimama dirishani na kichanga cha mtu mkononi.

Tulipofika kwenye gogo la juu, upepo ukaamka. Gogo lilikuwa limeshaning'inia, likaanza kuzunguka, na ule mzunguko naujua, paja langu linaujua. Kitako kikawa kinakuja. Mdomo wangu wenyewe ukasema lile neno. Nilisema acha, Mungu wangu, nilisema acha tena, kwa nguvu zote. Mkono ukavuta uzi mara moja.

Hakuna kitu. Nikasubiri. Sijui nilisubiri kiasi gani, pengine ni kope kupepesa, lakini nilizeeka humo. Niliona gogo, niliona ganda lake, niliona mchwa mmoja juu ya ganda. Nikawaza, haya, ni yale yale ya banda tena.

Halafu kwenye mkanda: tup.

Mara moja. Na gogo likasimama hewani, karibu na goti langu, likitetemeka kama mnyama aliyeshikwa. Neno lilikuwa limerudi. Nikalisukuma kwa mguu mzima, nikavuta mara mbili, mara mbili zikarudi, na gogo likashuka mpaka chini likalala kwenye nyasi.

Nililia juu huko. Kwa hasira, sitaki mtu aseme ni kitu kingine. Misimu mitatu, na dawa yake ilikuwa uzi wa kufungia majani.

Aprili 24

Tumeanza banda la Mama Kuku. Anatusimamia kama polisi.

Mei 6

Mvua zimekata. Breki ya mkono imefungwa leo. Inashika sawasawa, lori halisogei hata ukilisukuma. Tumeliegesha kwenye mteremko wa nyumbani, na kwa mara ya kwanza nimeshuka kama mtu mwenye heshima zake, mikono mitupu.

Mzee naye akashuka, akazunguka upande wangu, akatoa jiwe, akaliweka chini ya tairi.

Nikamwendea. Nikasimama mbele yake, uso juu, macho kwa macho, nikafungua mdomo vizuri ili kila neno lionekane: "Baba, hilo jiwe la nini tena?"

Akafumba macho yote mawili.

"Sikusikii," akasema.